Sauti Iliyochelewa

Yunus Usman alifanya kazi ya kusikiliza. Kwa miaka kumi na miwili ofisi moja ya utafiti hapa Bukavu ilimletea sauti za watu wa vijijini: wakulima wa Walungu, wavuvi wa Idjwi, kina mama wa Kalehe waliokimbia vita mara mbili, mara tatu. Watafiti walikwenda huko na vinasa sauti vyao, wakauliza maswali yao, wakarudi. Kisha alihitajika mtu mmoja wa kukaa chini na kuandika kila neno, kwanza kwa Kiswahili au Kimashi jinsi lilivyotoka mdomoni, halafu chini yake kwa Kifaransa. Mtu huyo alikuwa Yunus. Naye Yunus haoni.

Mimi ni jirani yake hapa Kasha, nyumba ya tatu ukishuka. Mengi ya haya niliyaona kwa macho. Mengine alinisimulia mwenyewe, na yale aliyoona haya kuyasema nilielezwa na mkewe, Rahima.

Ukoo wao ni wa wafanyabiashara Waislamu wa Uvira. Baba yake alihamia Bukavu akafungua duka la vitenge kule Kadutu, na Yunus alikulia humo dukani, akiokota Kimashi kwa wateja walioshuka kutoka Kabare siku za soko. Alipofika miaka ishirini na sita, presha ya macho ilimla jicho la kulia. Mwaka uliofuata ikala la kushoto. Duka lilikwenda kwa kaka yake. Hakuna aliyemfukuza Yunus. Waliacha tu kumpa kazi. Ikapita miaka mitano hivyo, na hiyo miaka hapendi kuizungumzia. Baadaye mtawa mmoja, Sista Colombe, alimfundisha kuandika kwa kibodi bila kuona, na kumwonyesha kwamba kuna programu inayosoma kwa sauti kila kilichoko kwenye skrini. Yunus aliniambia kwamba siku hiyo alirudi nyumbani akamwambia Rahima, "Nimepata jicho, lakini liko mu sikio."

Kompyuta yenyewe ilikuwa ile ya mezani, yenye sanduku lake kubwa la kijivu. Ofisi ilimpa wakati mradi fulani ulipofungwa. Skrini Rahima aliifunika kwa kitambaa cha mezani, maana hakuna mtu ndani ya nyumba aliyeihitaji. Yunus alivaa visikizi viwili. Sikio la kushoto lilikuwa la mtu wa kijijini, la kulia lilikuwa la mashine. Yule wa kijijini alisema, vidole vikaandika, mashine ikarudia neno alilokwisha kuandika, yote kwa pamoja. Ile sauti ya mashine aliiendesha mbio sana. Kwangu mimi ilikuwa kama mahindi yanayokaangwa, sikuambulia hata neno. Rahima aliiita "mbanda", kama tunavyomwita huku mke mwenza, kwa sababu ilikuwa sauti ya mwanamke, na ilizungumza na mume wake kutwa nzima.

"Mbanda wangu amekwambia nini leo?" angeuliza akirudi sokoni.

"Ameniambia batu ya Nyangezi wamekosa mbegu."

Hivyo ndivyo walivyoishi. Nyumba ile ilikuwa na heshima. Mtu akitaka barua ya Kifaransa kizuri, aliambiwa aende kwa Papa Yunus.

Baada ya vita kufika mjini, mambo mengi ya ofisi yalibadilika. Wakuu hawakutaka tena flashi zitembee barabarani zikiwa na sauti za watu ndani yake. Siku moja msimamizi wa kazi hizo, Fanny, msichana mpole ambaye Yunus alimheshimu, alimpigia simu.

"Papa Yunus, kuanzia mwezi unaokuja hatutatuma tena flashi. Kila kitu kitapita mu site mupya ya ofisi. Ile machine yako haiwezi kuifungua."

"Mademoiselle, hii machine tumezoeana."

"Ninajua, Papa. Lakini système yake imezeeka, hata ile site inaikataa. Iko lazima muibadilishe. Kama sivyo, sitakuwa na namna ya kukufikishia kazi."

Yunus alimtafuta Papa Jacques Cirhuza, fundi wa Nyawera. Papa Jacques alianza kutengeneza redio kabla ya wengi wetu kuzaliwa, na kompyuta alizifuata baadaye. Ni mtu wa mikono safi na maneno machache. Sanduku likafungwa nyuma ya pikipiki likashuka mjini. Papa Jacques alilifungua, akalitazama, akampigia Yunus.

"Mémoire yake iko kidogo sana, na diski ni ya zamani. Système mupya itaingia, lakini siwezi kukuapia namna itatembea."

"Itafungua ile site?"

"Itafungua."

"Basi weka."

Ilirudi baada ya siku mbili. Yunus aliiwasha, akangoja. Sauti ikamsalimu kama zamani, na ile site, yaani tovuti ya ofisi, ikafunguka. Rahima anasema Yunus alipiga kofi mezani kwa furaha na kumwambia, "Unaona? Mbanda wako amerudi na nguo mupya."

Wiki ya kwanza haijaisha, sauti ikaanza kuchelewa.

Nataka hapa mnielewe vizuri, kwa sababu hata mimi nilikawia kuelewa. Mtu anayeona, kompyuta yake ikiwa nzito, huona kiduara kinazunguka. Anakasirika, anakwenda kunywa chai, anarudi. Anajua angalau kwamba kitu kinafanyika. Yunus alikuwa na kimya tu. Alibonyeza mshale ili asikie mstari, na mstari haukuja. Alihesabu sekunde kidole kwa kidole: tatu, tano, saba. Halafu sauti ilitapika maneno yote kwa mpigo, ya mstari huu na ya ule alioubonyeza kwa wasiwasi wa kungoja. Hakujua yuko wapi kwenye ukurasa. Hakujua kama mashine inafikiri au imekufa. Akajifunza kuweka kiganja juu ya lile sanduku. Likitetemeka, basi diski inazunguka, kuna uhai. Likitulia, anaweza kubonyeza tena.

Nilimkuta hivyo siku moja, mkono juu ya sanduku kama mtu anayempima mgonjwa homa.

"Kuna nini, Baba Salima?" nikamuuliza. Salima ni binti yao, ameolewa Uvira.

"Ninangojea inijibu," akasema. "Nimeiuliza neno moja tu."

Sauti ya saa moja, ambayo zamani aliimaliza kwa siku moja, sasa ilichukua siku nne. Na umeme wetu wa Kasha mnaujua: unakuja unapotaka. Yeye hakumwambia Fanny. Alidhani ni uzoefu utakaokuja, kama kiatu kipya. Alipunguza kula mchana ili asipoteze umeme. Akaanza kumjibu Rahima kwa ukali, jambo ambalo hatukuwahi kulisikia kutoka nyumba ile.

Ndipo ikafika sauti ya mama wa Katana.

Sauti za ofisi hazina majina. Huyu aliitwa F-14 tu, mwanamke wa kumi na nne. Alisimulia jinsi alivyotembea kuelekea Katana na mtoto mgonjwa mgongoni, wakati barabara imejaa watu wanaokimbia. Alizungumza polepole, bila kulia. Yunus alisikiliza watu wa namna hiyo miaka kumi na miwili, na alijua kuandika huku moyo ameuweka kando. Lakini huyu mama alifika mahali akasema: "Nilijua kama amekwisha. Mugongo ilijua. Lakini nikaendelea kutembea, ju nikisimama ingekuwa kweli."

Yunus aliandika maneno hayo. Akaendelea mpaka mwisho wa ushuhuda, kisha akapandisha mshale juu ili asikie tena ile sentensi, kuhakikisha hakukosea hata herufi. Mashine ikanyamaza. Akahesabu saba, akahesabu kumi na tano. Siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho kutuma, na betri iliyokuwa inaibeba mashine umeme ukikatika ilikwisha kuanza kupiga kelele. Akaweka kiganja juu ya sanduku; lilikuwa limetulia. Akaamini imekufa. Na hapo hasira ya wiki zote ikampanda mikononi. Akapiga kibodi: *Sema! Sema basi! Mujinga weye, mwongo, sema!*

Sauti ikarudi ghafla, ikasema neno moja tu: "sema."

Alishtuka. Akashuka mwisho wa ukurasa, alikodhani maneno yameangukia, akaanza kufuta. Alibonyeza kufuta mara nyingi, akisubiri kati ya mara na mara, mpaka akasikia sauti ikisoma mstari wa mwisho wa ukurasa, ukiwa safi. Akashukuru. Akatuma, na betri ikazimika.

Alichofuta kilikuwa nafasi tupu za chini. Yale maneno yalibaki pale mshale ulipokuwa umepanda, katikati ya ukurasa wa pili.

Fanny hakupiga simu. Alikuja mwenyewe hadi Kasha Jumanne asubuhi, kwa pikipiki, na kilima chetu hakipandwi kwa starehe. Rahima alimwekea kiti. Fanny hakukaa.

"Papa Yunus, ninakusomea kitu. Uniambie kama ni weye."

Akasoma kutoka kwenye karatasi. "Nikaendelea kutembea, ju nikisimama ingekuwa kweli. Sema. Sema basi. Mujinga weye, mwongo, sema."

Rahima anasema hajawahi kuona uso wa mumewe ukawa vile. Ulikauka. Alitafuta meza kwa mkono kama mtu aliyeingia nyumba ya wengine.

"Ni miye," akasema. "Ni miye niliandika. Lakini sikumwambia yeye. Mademoiselle, nilikuwa ninaambia machine."

"Machine?"

"Hainijibu. Tangu tuibadilishe, hainijibu. Ninabonyeza, inanyamaza. Nilifikiri imekufa."

Fanny alikaa sasa. Akamwomba awashe. Wakangoja pamoja, Yunus akabonyeza mshale, na Fanny akatazama saa ya mkononi. Alipoona sekunde saba zinapita bila sauti, akafunika mdomo.

"Kwa nini haukuniambia?"

"Ungempa kazi mwingine."

Fanny alimweleza tu kwamba ile karatasi ilikwenda moja kwa moja kwa mkuu wao, Monsieur Constantin, na Monsieur Constantin aliisoma mbele ya mkutano, akidhani ni ushuhuda safi. Alifika pale akasimama. Watu waliokuwa mkutanoni walidhani ni mtafiti aliyemtukana yule mama. Mtafiti akaapa. Wakarudi kusikiliza sauti, hawakukuta matusi, ndipo wakajua ni mwandishi.

"Nimejaribu kukutetea," Fanny akasema. "Yeye anasema mutu anayesikiliza mateso ya bengine hana ruhusa ya kukasirika. Nitamweleza habari ya machine. Lakini kwanza itengeneze, Papa. Ikitembea vizuri, unipigie. Sasa hivi sina namna ya kukupa kazi."

Alipoondoka, Yunus alimuuliza Rahima, "Umesikia alivyosoma? Amesoma kwa sauti moja, yale ya yule mama na yale yangu, kama vile ni mutu mumoja."

Siku tatu hakuigusa mashine. Ya nne akampigia Papa Jacques.

Papa Jacques hakuweza kupanda Kasha kila siku, hivyo walifanya kazi kwa simu. Simu iliwekwa mezani ikiwa na sauti kubwa. Yunus alibonyeza. Na kwa kuwa ile programu ya kusoma ilikuwa inachelewa mno, Rahima aliondoa kitambaa kwenye skrini, akavuta kigoda na kusoma. Rahima aliachia shule darasa la nne. Kifaransa chake ni cha sokoni. Nilikuwepo siku hiyo ya kwanza, nikakaa kizingitini.

"Mama Salima," Papa Jacques akasema kwenye simu, "unaona liste ya majina?"

"Ninaona. Iko murefu."

"Hizo zote zinaamka zenyewe ile saa unawasha machine. Kila moja inakula mémoire. Système ya zamani ilikuwa na watoto wawili, watatu. Hii mupya iko na kumi na saba, na zote zinataka kula asubuhi. Soma ya kwanza."

"Mi... mise à jour."

"Pembeni kumeandikwa nini?"

"Ac... acti... activé."

"Zima."

Yunus akabonyeza, wakangoja. "Sasa inasema désactivé," Rahima akasema, na nikasikia katika sauti yake kitu kama fahari. Wakaenda hivyo, jina kwa jina, saa mbili nzima. Wakazima madoido ya madirisha yanayofunguka kwa mapambo, ambayo Yunus hakuwahi kuyaona wala hangeyaona. Wakazima ile kazi ya mashine kupekua mafaili yake yenyewe kutwa. Wakafuta programu ambazo Papa Jacques alisema hazina faida. Mtandao ulikuwa unakatika, na mara nyingi sauti ya Papa Jacques ilikuja vipandevipande.

"Hii nyingine imeandikwa audio," Rahima akasoma. "Audio na neno lingine murefu."

Simu ikakwaruza. Walisikia "...ma." Yunus akabonyeza.

Papa Jacques alikuwa amesema "simama."

Kuanzia dakika ile mashine haikutoa sauti yoyote. Yunus aliiwasha upya, akasubiri, akasogeza visikizi, akavivua, akavivaa. Hata ule mlio mdogo wa kuamka haukuwepo. Rahima alijaribu kuirudisha lakini hakujua ameitoa wapi. Liste aliyoikuta sasa ilikuwa nyingine. Na mtandao wa simu ulikatika moja kwa moja mpaka kesho yake.

"Ni kosa yangu," Rahima akasema.

"Weye umesoma kilichoandikwa," Yunus akajibu. "Miye njo nimebonyeza."

Nilimwacha pale akiwa amevaa visikizi visivyosema kitu. Rahima anasema hakuvivua hadi walipokwenda kulala, na kesho yake asubuhi alivivaa tena.

Papa Jacques alikuja siku ya pili, akiwa na begi lake la bisibisi. Alirudisha sauti kwa dakika tatu, bila kumlaumu mtu. Kisha akafungua sanduku. Ndani mlikuwa na vumbi la miaka, limeshonana kama blanketi, na feni ilikuwa inazunguka kwa kujikokota. Akalipangusa kwa brashi, akabadilisha ute wa kupoza joto, uliokuwa umekauka juu ya prosesa. Alikuja pia na barrette moja ya mémoire, kipande cha kumbukumbu chembamba kama sega, alichokitoa kwenye mashine iliyokufa katika karakana yake. Akakichomeka karibu na kile cha zamani.

"Sasa bonyeza."

Yunus akabonyeza. Moja, mbili, tatu. Sauti ikaja.

"Tumetoka saba tumefika tatu," Papa Jacques akasema. "Iliyobaki ni diski. Hii diski inazunguka kama sinia, sindano inatafuta. Système mupya inaitumikisha bila kupumzika, haiwezi tena. Kuna diski zingine hazina kitu kinachozunguka ndani. Ukiweka hiyo, utafikiri machine imezaliwa leo."

"Iko wapi?"

"Hapa mujini sijaiona. Zamani ingefika na ndege Kavumu siku mbili. Sasa ndege hazitui. Nimeagiza ipitie Ruzizi, kutoka ng'ambo."

Sekunde tatu si saba, lakini kwa mtu aliyeandika huku masikio mawili yanasikia vitu viwili, tatu bado ni shimo. Yunus alijaribu kuandika akikumbuka tu, bila kungoja sauti. Alijaza kurasa, akamwomba Rahima azitazame. Rahima alimwambia zote ziko sawa. Baadaye alinikiri kwamba hakujua. Aliona herufi nyingi nyeusi tu, na alitaka mumewe ale.

Diski ilichukua wiki tano. Mara ya kwanza aliyeibeba alirudishwa mpakani. Mara ya pili alipita, lakini aliyoileta ilikuwa ya aina isiyoingia kwenye mashine ile. Katika wiki hizo Yunus alimpigia Fanny mara mbili. Mara ya kwanza Fanny alimwambia avumilie, mara ya pili simu iliita bila kujibiwa. Alipungua mwili. Msikitini aliswali akatoka bila kuzungumza na mtu. Watu waliokuja kuandikiwa barua aliwaambia mashine inaumwa, nao wakapata watu wengine mjini, na wengi hawakurudi.

Siku diski sahihi ilipofika, Papa Jacques alikuja nayo mfukoni mwa koti, nyembamba kama kijitabu cha ubatizo. Alihamisha kila kitu kutoka ile ya zamani, asubuhi hadi saa tisa alasiri. Kisha akafunga sanduku na kusimama nyuma.

Yunus aliwasha. Kabla hajamaliza kuvaa visikizi, sauti ilikwisha kusema.

Akabonyeza mshale: sauti. Akabonyeza tena: sauti. Akabonyeza mbio, na sauti ikamfuata mbio, kila herufi mahali pake, na hata kuizidi ile ya zamani. Papa Jacques alicheka. Rahima akapiga kigelegele kidogo jikoni. Yunus hakucheka. Alikuwa amelegea kama mtu aliyeshushwa mzigo na bado hajajua afanye nini na mabega yake. Akachukua simu, akampigia Fanny, na safari hii akajibu.

"Mademoiselle, imepona. Nitumie kitu chochote, hata kidogo, unipime."

Simu ilikuwa na sauti kubwa, na hata mimi niliyekuwa kizingitini nilimsikia Fanny.

"Papa Yunus, nilikuwa ninatafuta namna ya kukuambia. Wafadhili wamesimamisha kila kitu. Ofisi inafunga. Hivi ninavyosema niko ninapanga karatasi mu makartoni. Haiko kwa sababu yako. Hata Monsieur Constantin anaondoka."

"Ofisi zingine?"

"Nimewauliza. Wengine wamefunga. Wengine wanasema siku hizi machine inasikiliza yenyewe na inaandika yenyewe."

"Kimashi pia?"

"Kimashi haijui, Papa. Inaandika ovyo tu. Lakini ni hiyo banatumia."

Yunus alishika meza. "Nikuombe kitu kimoja. Yule mama, F-14. Nataka kumwomba musamaha. Nitapanda hata gari ya mizigo, nifike Katana. Unipe jina yake."

"Jina halikuandikwa. Ni sheria. Aliyemhoji naye alikwisha kwenda Bujumbura. Papa, yeye hakuyaona yale maneno. Hajui kitu."

"Miye ninajua."

Papa Jacques alikusanya bisibisi zake polepole. Alipotoka alimshika Yunus bega, akashuka kilima kwa miguu.

Kesho yake Rahima alikwenda sokoni akamwacha mezani. Sauti ya F-14 haikuwemo tena ndani ya mashine. Sheria ya ofisi ni kuifuta mara kazi inapotumwa, na Yunus aliifuata sheria hiyo siku zote. Lakini aliisikiliza mara nyingi mno katika zile siku za uzito, akirudia na kurudia kwa sababu ya kungoja, mpaka maneno yakamkaa yote. Akaandika ushuhuda wote kwa kichwa, tangu mama yule alipotaja jina la shamba lake mpaka alipomalizia kusema hana zaidi. Kurasa tatu. Kiswahili juu, Kifaransa chini. Kisha akairudisha sauti ya mashine mwanzo, akasikiliza. Haikusita popote. Ilifika kwenye ile sentensi, ikaipita, ikaenda mbele.

Alitafuta pa kuupeleka. Alifungua site ya ofisi, haikufunguka tena. Akakaa na zile kurasa hadi Rahima aliporudi, na alipomsikia mlangoni akazifuta, kwa sababu hazikuwa mali yake.

Ilikuwa miezi minne iliyopita. Sasa Yunus huenda sokoni na Rahima asubuhi, anakaa kwenye mkeka nyuma ya meza yake na kuchambua maharagwe. Vidole vyake huona kijiwe kuliko macho yetu. Nyumbani mashine iko mezani, nyepesi, imefunikwa kitambaa. Nilipita pale sokoni wiki jana. Wanawake wawili walikuwa wanazungumza mbele ya meza, mmoja akisimulia kwamba mumewe alikwenda Shabunda na hajarudi tangu mvua zianze. Yunus alikuwa ameinamisha kichwa upande wa kushoto. Mikono ilikuwa juu ya magoti, na vidole vyake vyote kumi vilikuwa vinakwenda mbio juu ya kitambaa cha suruali. Yule mwanamke aliponyamaza, vidole vikasimama, vikangoja.

Rahima aliona. Akachukua beseni la maharagwe, akampa mikononi.